Nitajuaje uzito wa swali kwa akili ya mwanafunzi kabla sijamtwisha?

Mwalimu wa Korogwe (mwanzisha mada)

Ndugu wanajukwaa, naomba msaada wenu katika jambo linalonisumbua kwa mwaka wa tatu sasa. Ninafundisha Hisabati kidato cha kwanza na cha pili katika shule ya kata wilayani Korogwe, na kila wiki ninaandaa mazoezi ya darasani na ya nyumbani. Kabla ya kuyatoa hukadiria kila swali litamgharimu mwanafunzi kiasi gani, na njia yangu ni ile niliyoikuta kwa walimu walionitangulia: ninalifanya swali mwenyewe, ninaangalia saa, kisha ninazidisha kwa 3. Makadirio hayo hunidanganya mara kwa mara, tena si kwa kiasi kidogo.

Wiki mbili zilizopita niliwapa kidato cha pili, mkondo A, kazi mbili. Ya kwanza ilikuwa na maswali 12 ya kuzidisha namba za tarakimu mbili. Ya pili ilikuwa swali moja tu, lililoandikwa kwa Kiingereza kama ilivyo desturi ya sekondari, ambalo kwa Kiswahili lingesomeka hivi: «Mfanyabiashara alinunua mikungu 40 ya ndizi kwa shilingi 7,000 kila mkungu. Mikungu 5 iliharibika njiani. Alipofika sokoni aliuza ndizi zake kwa shilingi 9,000 kila mkungu. Tafuta asilimia ya faida au ya hasara aliyopata.»

Maswali 12 ya kuzidisha yalinichukua mimi dakika 6, na swali la ndizi dakika moja na nusu. Kwa kanuni yangu, wanafunzi wangehitaji dakika 18 kwa kazi ya kwanza na kama dakika 5 kwa ya pili. Kazi ya kwanza waliimaliza kwa robo saa, huku wengine wakipiga soga. Swali la ndizi lilikula kipindi kizima cha dakika 40, na kati ya wanafunzi 52 ni 9 tu waliopata jibu sahihi, yaani faida ya asilimia 12.5. Wanafunzi 21 waliandika asilimia 28.6, na waliobaki waliandika majibu ya kila namna au waliacha wazi.

Nilipita kati ya madawati nikawatazama. Msichana mmoja wa mstari wa mbele alisoma swali, akaandika 280,000, akarudi kusoma, akafuta kwa kidole alichokilowesha mate hadi karatasi ikatoboka, kisha akaandika tena 280,000 ile ile pembeni ya tundu. Hakuwa mvivu wala hakuwa anacheza. Alikuwa amechoka kama mtu aliyetoka shambani, na kalamu yake ilikuwa haijaandika zaidi ya mstari mmoja.

Ninachouliza ni hiki: je, ipo namna ya kukadiria juhudi ya akili ambayo kazi inahitaji, kabla ya kuitoa? Kwamba swali ni zito ninajulishwa na alama za darasa likishashindwa, lakini wakati huo nimeshapoteza kipindi na wao wameshapoteza moyo.

Mzani

Mwalimu, swali lako ni zuri na umelileta na ushahidi wake, jambo ambalo halionekani mara nyingi. Nimesomea saikolojia ya elimu, na kwa sasa kazi yangu ya kila siku ni kupitia miswada ya vitabu vya kiada na karatasi za majaribio, kwa hiyo ninapambana na jambo hili hili.

Kosa halimo katika kuzidisha kwa 3. Limo katika kutumia saa kupimia kitu ambacho saa haikipimi. Muda unaonyesha urefu wa kazi. Juhudi ya akili inategemea zaidi idadi ya mambo ambayo mtu analazimika kuyashika kwa wakati mmoja ili yafanye kazi pamoja. Maswali yako 12 ya kuzidisha ni marefu, lakini kila swali linasimama peke yake. Ukimaliza la tatu unalisahau kabisa, na la nne halikudai chochote kutoka kwake. Swali la ndizi ni fupi, lakini kila kipande chake kinashikana na kingine.

Mwaka 1956 mwanasaikolojia wa Marekani, George Miller, aliandika makala mashuhuri akieleza kwamba kumbukumbu ya muda mfupi hubeba vitu kama 7 hivi, viwili zaidi au viwili pungufu. Mwaka 2001 Nelson Cowan aliupitia upya ushahidi akaonyesha kwamba, mtu asipopata nafasi ya kuvikariri au kuvifunga pamoja, idadi hiyo hushuka hadi kama 4. Katikati ya hao wawili, mwaka 1988, John Sweller wa Chuo Kikuu cha New South Wales huko Australia alijenga hoja ambayo ndiyo inayokuhusu zaidi: mwanafunzi anapofumbua tatizo geni kwake, nafasi hiyo ndogo hujaa kwa kulitafuta jibu, na hakibaki chochote cha kumwezesha kujifunza njia yenyewe.

Sasa tulifungue swali lako. Mwanafunzi anapaswa kupata gharama yote, 280,000, na kuitunza. Anapaswa kupata mikungu inayouzika, 35. Anapaswa kupata mauzo, 315,000. Anapaswa kutoa gharama katika mauzo apate 35,000, na hapo akumbuke kwamba asilimia hutafutwa juu ya gharama na si juu ya mauzo. Wakati wote huo anatakiwa azuie nafsi yake isiipunguze gharama ya mikungu iliyoharibika, maana ilishalipiwa. Tena kuna jambo moja ambalo hukuliandika kabisa: kwamba kilichooza hakiuzwi. Kwako hilo si jambo, lakini kwa anayesoma kwa lugha anayoipapasa ni uamuzi mwingine wa kufanya peke yake. Nimehesabu mambo 5 au 6 yaliyo hewani kwa pamoja, pale anapofika kwenye kutafuta faida.

Wewe uliyaona 2. Sababu ni kwamba kwako «gharama, mauzo, faida, asilimia» ni kifurushi kimoja kilichofungwa miaka mingi iliyopita. William Chase na Herbert Simon walilionyesha jambo hili mwaka 1973 kwa wachezaji wa sataranji: bingwa akionyeshwa kwa sekunde chache ubao wa mchezo halisi, huupanga upya karibu wote kwa kumbukumbu, kwa sababu anaona makundi anayoyafahamu; lakini vipande vikitawanywa ovyo ubaoni, ubora wake juu ya anayeanza karibu unatoweka. Ndiyo maana kuzidisha kwa 3 hakukusaidii. Kungemsaidia mtu anayefanya kazi ile ile uifanyayo wewe kwa mwendo wa polepole, ilhali mwanafunzi wako anafanya kazi nyingine kabisa, isipokuwa jibu lake la mwisho tu ndilo linalofanana na lako.

Mimi hufanya hivi. Silifumbui swali. Ninalisoma nikitafuta mahali penye msongamano mkubwa kuliko pote, kisha ninaandika kwenye karatasi vitu ambavyo mwanafunzi atakuwa amevishika kichwani akifika hapo. Baadaye ninakata vile ambavyo darasa hilo limeshavizoea hadi havihitaji kufikiriwa; kwa kidato chako cha pili, kuzidisha 40 kwa 7,000 ni kitu cha kukata. Mwishowe ninaongeza vile vilivyoletwa na uandishi wangu na si na hisabati: neno geni, taarifa iliyofichwa, mchoro ulio ukurasa mmoja na maelezo yake ukurasa mwingine. Vikibaki zaidi ya vitatu, ninalivunja swali au ninatanguliza mfano uliofumbuliwa hatua kwa hatua. Mipaka ya vitatu ni ya kwangu kutokana na uzoefu, usiichukue kama sheria. Kuhusu mifano iliyofumbuliwa, Sweller na Graham Cooper walionyesha mwaka 1985, katika aljebra, kwamba wanafunzi walioisoma walijifunza kwa muda mfupi zaidi na wakafanya maswali ya namna hiyo kwa makosa machache kuliko wale walioachwa wayafumbue yote wenyewe.

Suala la lugha naliweka peke yake kwa sababu kwetu ndilo zito kuliko yote. Mtoto amesoma miaka 7 kwa Kiswahili, halafu kidato cha kwanza anakutana na faida na hasara kwa Kiingereza. Mradi wa LOITASA, wa utafiti wa lugha ya kufundishia nchini Tanzania na Afrika Kusini, ulioanza mwaka 2002, ambao Martha Qorro wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alikuwa miongoni mwa viongozi wake, ulilichunguza jambo hili kwa kulinganisha madarasa yaliyofundishwa kwa lugha hizo mbili. Unapokadiria, usihesabu lugha kama ugumu wa jumla. Tafuta neno lenyewe linalobeba maana ya swali. Hapa ni kitenzi cha «kuharibika». Asiyekielewa hapati swali gumu, anapata swali jingine.

Na hapa nina jambo la kukuonyesha. Asilimia 28.6 ina njia mbili za kufikiwa. Asiyejua kwamba mikungu 5 imeoza atauza yote 40, apate faida ya 80,000 juu ya 280,000. Anayejua imeoza lakini akaitoa pia katika gharama atapata 70,000 juu ya 245,000. Zote mbili ni 2 kwa 7, asilimia 28.6. Kwa hiyo hao 21 ni makundi mawili yenye matatizo mawili, na kwa kutazama jibu huwezi kuyatenganisha.

Kwa upande wa kupima baada ya kazi, kipo kipimo cha Fred Paas wa Uholanzi, cha mwaka 1992: mwanafunzi anajaza namba moja kati ya 1 na 9, ambapo 1 ni juhudi ndogo sana ya akili na 9 ni kubwa sana. Ulizeni mara tu baada ya kila swali. Tamara van Gog na wenzake waliona mwaka 2012 kwamba ukingoja hadi mwisho uulize mara moja kwa jumla, watu hutaja namba iliyo juu kuliko wastani wa zile ambazo wangetaja swali kwa swali.

Muuguzi wa Zamu ya Usiku

Nimesoma maelezo ya ndugu Mzani kwa makini na ninayakubali, lakini naomba niongeze upande ambao naona umeachwa. Kuhesabu vitu vilivyomo ndani ya kazi kunatosha pale kazi inapofanyiwa mahali patulivu. Mimi ni muuguzi, na kazi yangu haifanyiki mahali patulivu.

Chukueni hesabu ya dripu. Mgonjwa ameandikiwa mililita 1,000 kwa saa 8, na mpira wa dripu unatoa matone 20 kwa kila mililita. Unazidisha 1,000 kwa 20, unagawanya kwa dakika 480, unapata matone kama 42 kwa dakika. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa uuguzi akiwa darasani anaifanya bila shida. Usiku mmoja, yapata saa tisa, nilikuwa peke yangu wodini na wagonjwa wengi, nikaandika matone 31. Nilikuwa nimegawanya vizuri kabisa, ila nilitumia 15 badala ya 20, kwa sababu mipira ya siku hiyo ilikuwa ya aina mbili kabatini, na katikati ya hesabu nilikuwa nimeitwa na ndugu wa mgonjwa wa kitanda cha mwisho, nikaenda, nikarudi, nikaendelea nilipoishia. Mwenzangu aliyekuja kunipokea alitazama pakiti kabla ya kutazama karatasi yangu, akaliona kosa. Mgonjwa hakudhurika, lakini mimi sikulala mchana ule.

Nilipokwenda kujiendeleza kimasomo ndipo nikakutana na kipimo kilichotengenezwa na Sandra Hart na Lowell Staveland katika kituo cha Ames cha shirika la anga la Marekani, NASA, kilichotolewa mwaka 1988. Kwanza kilikuwa kwa ajili ya marubani na kazi za namna hiyo, siku hizi kinatumika hata hospitalini. Kinamwuliza mtu mambo sita: akili ilidaiwa kiasi gani, mwili ulidaiwa kiasi gani, muda ulimbana kiasi gani, anaona amefanikiwa kiasi gani, ilimlazimu kujitahidi kiasi gani, na alikereka au kufadhaika kiasi gani. Kisha mambo hayo hupambanishwa mawili mawili, jozi 15, ili mhusika mwenyewe aseme lipi lilikuwa na uzito zaidi katika kazi ile.

Nilipojaza kwa kukumbuka usiku ule, niliona kitu ambacho kilinifungua macho. Upande wa akili niliandika namba ya wastani, maana hesabu yenyewe ni nyepesi. Namba zilizopanda zilikuwa za muda na za kufadhaika. Laiti mtu angenikadiria kazi kwa kuitazama hesabu peke yake, angesema ninaimudu. Kwa hiyo, mwalimu, unapokadiria swali, kadiria na chumba litakalofanyiwa: ni saa ngapi za siku, wamekula au hawajala, wamebanana watatu kwenye dawati moja au la, na wewe utakuwa unapita nyuma yao ukisema «bado dakika 10» au utanyamaza.

Mzee wa Chaki

Wanangu, mimi nimestaafu ualimu baada ya miaka 36, na nimefurahi kuona jambo hili likijadiliwa kwa adabu. Nina mashaka na mambo mawili.

La kwanza ni hili la kumpa mtoto namba 1 hadi 9. Mtoto wetu ukimwuliza «mmeelewa?» atajibu «ndiyo, mwalimu» pamoja na darasa zima, hata kama tangu kengele ilipogongwa hajaambulia neno. Hadanganyi kwa ubaya. Amelelewa kwamba kusema «sijaelewa» ni kumwambia mkubwa kwamba hakufundisha vizuri, na wenzake watamcheka. Mkimpa kipimo chenye jina lake juu, ataandika 2. Basi ikiwa ni lazima kuuliza, karatasi isiwe na jina, na mwalimu aseme wazi kwamba namba ile inalipima swali na haimpimi mtoto.

Mimi sikuwa nikiuliza, nilikuwa nikitazama. Nilikaa nyuma ya darasa, wasikonitazama, nikamhesabia mtoto mmoja ni mara ngapi kichwa chake kinarudi ubaoni kusoma swali. Anayerudi mara moja au mbili ameshalibeba. Anayerudi mara 6 au 7 linamdondoka njiani kila anapolibeba. Nilitazama midomo pia, maana anayenong'ona namba anaishikilia isimponyoke. Hicho ndicho kilikuwa kipimo changu na kilinitosha.

Nilijifunza hivyo kwa sababu ya maswali ya ratiba ya basi. Swali linasema basi linaondoka saa 2:30 mchana kwa saa za Kizungu na safari ni ya saa 5. Kwa mwandishi ni kujumlisha tu. Kumbe mtoto kwanza anaigeuza iwe saa nane na nusu ili aione siku yenyewe, jua liko wapi, kisha anajumlisha anapata saa moja na nusu jioni, kisha anairudisha iwe 7:30 ili akuridhishe wewe. Amefanya kazi mara tatu na wewe umemhesabia mara moja. Nilipoanza kukubali jibu kwa saa yoyote mradi ameitaja ni ipi, vichwa vikaacha kurudi ubaoni.

La pili, msije mkaondoa uzito wote. Katika mwaka wangu mmoja wa ualimu nilirahisisha kila kitu, darasa likapendeza, watoto wakafurahi, na mtihani wa mwisho wa mwaka ulipokuja na swali ambalo halikukatwa vipande, walikaa wakalitazama. Mzigo upunguzwe anapojifunza kitu kipya, na urudishwe kidogo kidogo kadiri anavyokizoea.

Mzani

Shikamoo mzee. Nakubaliana nawe katika yote mawili, na nitaongeza maneno machache.

Kutazama kwako kuna wenzake maabara. Mwaka 1966 Daniel Kahneman na Jackson Beatty waliwasomea watu namba chache wazishike kichwani, huku wakipiga picha mboni za macho yao. Mboni ilipanuka kwa kila namba iliyoongezwa, ikafikia upana wake mkubwa pale mtu alipokuwa amezishika zote, kisha ikasinyaa namba kwa namba alivyokuwa akizitaja. Mwili unaonyesha mzigo ukipanda na ukishuka. Mwalimu hana kamera ya mboni, lakini kichwa kinachorudi ubaoni na mdomo unaonong'ona ni dalili ambazo kila mtu aliye darasani anaweza kuziona, na mimi nitaanza kuzitumia.

Kuhusu kuurudisha uzito, Slava Kalyuga, Paul Ayres, Paul Chandler na Sweller waliandika mwaka 2003 kwamba msaada uleule unaompunguzia mzigo anayeanza unaweza kumwongezea mzigo aliyekwisha kuzoea, kwa sababu analazimika kusoma hatua asizozihitaji na kuzilinganisha na anachokijua. Kwa maana hiyo makadirio ya Januari hayafai Juni, hata kwa swali lile lile na darasa lile lile.

Dada muuguzi, umenisahihisha. Nilikuwa nikilitazama swali likiwa mezani kwangu. Kukatizwa katikati ya hesabu ni mzigo kamili, kwa kuwa unaporudi unapaswa kulijenga upya lile ulilokuwa umelishika, na kama ulivyoeleza, unaweza kulijenga upya na kipande kisicho chake.

Mwalimu wa Korogwe (mwanzisha mada)

Nawashukuru nyote. Mzee wangu, shikamoo. Sikutaka kurudi na shukrani tupu, kwa hiyo nimesubiri hadi nilipolijaribu jambo hili katika mkondo B, ambao haukuwa umeliona swali la ndizi.

Nilitumia kipindi cha pili asubuhi, baada ya uji. Nusu ya darasa upande wa dirishani, wanafunzi 26, nililiacha swali kama lilivyokuwa. Upande wa mlangoni, wanafunzi 25, niliandika kwamba mikungu 5 iliharibika na hakuweza kuiuza, nikatumia kitenzi rahisi zaidi, na nikaliweka katika mistari mitatu: kwanza atafute alilipa jumla ya shilingi ngapi, kisha alipokea ngapi, kisha asilimia. Namba ni zile zile. Karatasi hazikuwa na majina, na nilitamka kama mzee alivyoshauri kwamba namba ya juhudi inalipima swali langu. Sikupita nyuma yao na sikutaja dakika.

Upande wa dirishani waliopata 12.5 ni 5, na namba za juhudi zilikuwa 7, 8 na 9 kwa wengi. Upande wa mlangoni waliopata ni 14, na namba nyingi zilikuwa kati ya 4 na 6. Najua kwamba upande mmoja wa darasa unaweza kuwa na watoto wepesi zaidi kuliko mwingine, na wiki ijayo nitabadilisha pande kwa swali jingine. Kabla ya kutoa karatasi nilikuwa nimefanya makadirio kwa njia ya Mzani: nilipata vitu 5 kwa swali la zamani na 2 kwa jipya.

Nilichokuwa sikukitarajia ni karatasi moja ya upande wa dirishani. Jibu lake lilikuwa 12.5, sahihi kabisa, na namba ya juhudi ilikuwa 9, imezungushiwa duara mara mbili. Nilisema mbele ya darasa kwamba ningependa kumsikia aliyeandika hivyo, ila halazimishwi. Baada ya kipindi msichana mmoja alinifuata hadi mlangoni mwa ofisi ya walimu. Aliniambia kwamba maneno mawili ya Kiingereza niliyoyatumia kwa «kuharibika» anayajua yote, moja ni «kwenda» na jingine ni «baya», na hakuweza kuamua kama mikungu 5 ilioza au ilipitia njia mbaya ikachelewa kufika. Kwa hiyo alifanya hesabu mbili kamili, moja ya mikungu 40 na nyingine ya mikungu 35, akiwa amezishika zote mbili kichwani kwa sababu hakutaka nione amefutafuta. Ya kwanza ilimpa 28.571 na tarakimu zinazoendelea. Ya pili ilimpa 12.5. Akachagua ya pili kwa sababu, kwa maneno yake mwenyewe, «majibu ya mwalimu huwa yanaisha».

Kwa alama ningempa vema na kuendelea. Nimemwandikia maana ya yale maneno mawili kwenye daftari lake, na nimeanza kupitia maswali yote ya muhula ujao nikitafuta kitenzi kimoja kimoja.